Vipande Tisa kwenye Kisosi

Saa tatu asubuhi ya Jumatatu ilimkuta Inspekta Noeline Triffitt ameshakunywa vikombe vinne vya chai, na hakuna hata kimoja kilichomsaidia. Mvua ya Juni, ambao kule Hobart ni mwezi wa baridi kali, ilikuwa ikiyapiga madirisha ya kituo cha polisi tangu Ijumaa, mlima umejifunika theluji mpaka kiunoni, na goti lake la kushoto, lile alilolivunja angali konstebo, lilikuwa linamsumbua toka alfajiri. Miaka thelathini na mmoja kazini. Mtu akichoka uchovu wa namna hiyo, hata usingizi haumtoshi.

"Bosi, hii si kesi, ni mteremko," alisema Sajini Greg Cashion, akilitua faili mezani kwa kishindo. "Saa nane mchana nampandisha Wes Domeney kwa hakimu. Wizi na kujeruhi. Na Trevor akitufia huko hospitali, nabadilisha hati iwe mauaji. Mzee ana miaka sabini na mmoja. Hatoki tena."

"Mteremko," Noeline akarudia. "Haya, teremka nikuone."

Greg akateremka. Jumamosi asubuhi Klabu ya Meli Ndogo, ya watu wanaojenga mifano ya meli, ilikutana kama kawaida, kwenye ukumbi wa nyuma ya kanisa kule Bellerive. Wes na katibu wa klabu, Trevor Quarrell, wakagombana mbele ya watu ishirini. Ugomvi ulihusu *Eliza Thorne*, mfano wa meli ya kuwinda nyangumi uliochongwa na baharia mmoja zamani hizo, mali ya klabu, unaokaa ndani ya kabati la kioo. Trevor alitaka uuzwe. Wes akamwambia, "Uuze, halafu utanitambua." Saa sita watu wakatawanyika. Saa kumi alasiri msafishaji wa kanisa akamkuta Trevor sakafuni, kisogo kimepasuka, kabati wazi, meli haipo. Tangu hapo Trevor hajafumbua macho.

"Sasa tazama hapa," Greg akasema, akisukuma picha. "Kabati linafungwa kwa skrubu nane, ndogo kama punje za mchele. Zimefunguliwa zote nane na kupangwa mstari mmoja, hakuna hata moja iliyokwaruzwa. Mwizi wa kawaida angevunja kioo akaenda zake. Nimeuliza klabu nzima. Hobart hii wenye mikono ya kazi hiyo ni wawili tu, Trevor na Wes. Na Trevor hawezi kujipasua kisogo mwenyewe."

"Wes anasema alikuwa wapi?"

"Bandani kwake, Lindisfarne, anavitia weusi vyuma vya meli anayoijenga. Peke yake! Mkewe anasema yeye alikuwa ndani anatazama mpira, hajui lolote. Mzee amekataa kusaini maelezo yake. Amekataa chai tangu Jumamosi. Anakalia mikono yake kama mtoto aliyekatazwa kugusa keki. Asiye na hatia hukaa hivyo?"

Noeline alivuta mfuko wa vielelezo. Ndani mlikuwa na boksi la bati lililojaa vyuma vidogo vyeusi vya shaba njano: pete, kulabu, na vile vibapa vinavyoshikilia kamba za mlingoti ubavuni mwa meli. Pembeni, katika mfuko wake mwenyewe, kisosi cha chai chenye maua, na juu yake vibapa tisa.

"Mbona hivi tisa viko mbali na wenzao?"

"Ndivyo tulivyovikuta. Sijui. Vyuma tu, bosi."

Alichukua lenzi akainama. Vile tisa navyo vilikuwa vyeusi, lakini kila kimoja kilikuwa na doa la njano linalong'aa, na ndani ya doa mlikuwa na mistari myembamba iliyopinda. Mistari ya kidole.

"Greg. Jumamosi asubuhi Wes aliwaonyesha wenzake hivi vyuma, sivyo? Maelezo ya watu yanasema vilikuwa vinang'aa."

"Njano tupu. Watu ishirini waliviona."

"Na ulipomkamata saa kumi na mbili jioni vilikuwa vyeusi. Kwa hiyo kuna mtu alivitia weusi mchana uleule. Kazi hiyo inachukua muda gani?"

"Si kuchovya tu kwenye dawa? Dakika kumi."

"Umeuliza?"

Greg akajikuna shingo.

"Hukuuliza," Noeline akasema, akinyanyuka kwa kulishika goti. "Haya. Ngoja nikaulize mimi na uzee wangu."

Ukumbi wa klabu ulinuka gundi, vumbi la mbao na pai za nyama. Mzee Alwyn Direen, miaka themanini na sita, mwanachama wa kwanza aliyebaki hai, alikuwa peke yake mezani, kabati tupu limemkabili.

"Hujambo, Inspekta. Wamekutuma uje kuniambia kwamba Wes ni mwizi?"

"Shikamoo, mzee wangu. Nimekuja kujifunza kutia weusi kwenye shaba."

Mzee akamtazama kama anayedhani anachezewa. Alipoona hachezewi, akafuta mdomo.

"Basi kaa. Watu wanadhani ni kuchovya. Thubutu! Kwanza unakiosha chuma kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha, mafuta yote yatoke. Halafu kwenye siki, nusu saa. Unakisuuza kwa maji ya betri, si ya bomba. Ndipo unakitia kwenye dawa iliyozimuliwa, kidogo kidogo, vichache vichache, unavigeuza kwa kibano usivipe nafasi ya kulaliana. Ukitoa, unasuuza tena, unakausha, unafuta kwa pamba. Ukiwa na pupa, weusi unabanduka kama masizi na kuchafua kamba zote."

"Vyuma mia na arubaini?"

"Saa nne. Saa nne ukiwa unajua, na hujainuka hata kwenda chooni."

Noeline akahesabu kichwani. Saa sita watu wametawanyika, saa saba Wes kafika kwake, saa kumi na mbili Greg kabisha hodi. Aliyefanya kazi ile hakupata nafasi ya kurudi Bellerive kumpasua mtu kisogo. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi alivuta pumzi vizuri. Kisha akaweka kisosi mezani.

"Na hivi, mzee?"

Alwyn akavaa miwani, akainama, akacheka kicheko kikavu kilichoishia kwenye kikohozi.

"Ahaa. Mwanafunzi! Njoo."

Alimpeleka kwenye ukuta wa jikoni. Palikuwa na ubao mrefu wa mbao nyekundu, umepigiliwa vipande vidogo vya shaba nyeusi, chini ya kila kimoja jina na mwaka. Kila kipande kilikuwa na doa lake la njano.

"Huu ndio ubao wetu wa aibu. Ukishaiosha shaba, ukiigusa kwa mkono mtupu hata mara moja, mafuta ya kidole yanabaki pale, na dawa haishiki. Kila anayeingia klabu hii huharibu cha kwanza hivyo. Tunakipigilia hapa, anatununulia bia, na hafanyi tena mpaka anaingia kaburini. Changu kile, 1962. Cha Trevor kile. Cha Wes kile pale, 1984."

"Kwa hiyo hivi tisa haviwezi kuwa vya Wes."

"Wes? Wes angembusu mtoza kodi kabla ya kugusa shaba kwa mkono mtupu."

Simu ililia. Alikuwa Greg, sauti imechangamka. "Bosi, nimelinganisha picha ya madoa na alama za vidole vya Wes. Si zake! Yaani vyuma vilitiwa weusi na mtu mwingine. Mzee anajiwekea shahidi wa uongo huku yuko Bellerive anafungua skrubu. Nakwambia ni mteremko."

Noeline akairudisha simu mfukoni polepole. Ushahidi aliodhani umemwokoa mzee wa watu ndio ulikuwa umemmaliza.

"Mzee, nionyeshe skrubu ya kabati lile."

Alwyn alikuwa na za akiba. Alizamisha moja katika kipande cha mbao kwa bisibisi nyembamba kama sindano ya kushonea, akampa ajaribu kuitoa. Ncha iliteleza mara mbili, ya tatu ikachimba mbao.

"Umeona? Haitaki nguvu, inataka utulivu. Wes alikuwa anaitoa huku anapiga soga. Zamani hizo."

"Zamani?"

"Siku hizi ana maringo. Mwaka wa pili huu hafanyi kazi mbele ya watu. Anatuletea kitu kimeshakwisha, anakiweka mezani, anatia mikono mfukoni. Meli yake ya mwaka jana ilichukua zawadi ya kwanza, na hata siku ile hakunywa chai na sisi. Ushindi umempanda kichwani."

Hata chai. Noeline akatazama kipande cha mbao mkononi mwake.

"Naomba niondoke na hiki, na bisibisi yake."

"Chukua. Ila Inspekta, huyo mtu akifungwa, mimi nitarudi nyumbani nikae. Sitaki tena klabu."

Gwenda Domeney alifungua mlango akiwa amevaa glavu za mpira za kuoshea vyombo, za njano, mpaka kwenye kiwiko. Mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu, aliyekuwa mshonaji wa maduka ya nguo enzi zile maduka yakishona. Jikoni hapakuwa na vyombo vichafu. Beseni lilikuwa kavu.

"Unaosha nini, dada?"

"Nilikuwa nataka kuanza."

"Vua hizo glavu tunywe chai kwanza."

"Mikono yangu ina mzio."

"Gwenda," Noeline akasema, na kuvuta kiti bila kukaribishwa, kwa kuwa goti lilikuwa halimwombi tena ruhusa. "Saa nane mumeo anapandishwa kwa hakimu. Sasa hivi ni saa tano u nusu. Mimi nimechoka, na wewe umechoka. Vua."

Gwenda akavua, kidole kimoja kimoja. Ncha za vidole gumba na vya shahada vya mikono yote miwili zilikuwa na rangi ya kahawia nzito, imeingia mpaka chini ya kucha.

"Nimesugua kwa ndimu," akasema. "Nimesugua kwa jiki. Haitoki."

"Ni wewe uliyevitia weusi."

"Aliniapisha! Polisi waliposhuka kwenye gari aliniambia, Gwen, wewe ulikuwa unatazama mpira. Mimi nikatazama mpira. Hata sijui nani alicheza." Akakaa, na machozi yakamtoka bila kelele. "Ni mikono yake. Ilianza na kikombe. Halafu vifungo vya shati. Daktari amempa jina la ugonjwa, ameliandika kwenye karatasi, Wes ameificha kwenye boksi la misumari, anadhani sijaiona. Miaka miwili sasa anakaa kwenye kile kiti cha bandani ananielekeza, mimi nafunga kamba. Nimeshona maisha yangu yote, kamba hazinishindi. Ile meli ya zawadi..."

"Ni yako."

"Ni yake! Kichwa ni chake. Mimi ni vidole tu." Alifuta uso kwa kiganja. "Ila vyuma alikuwa bado anachovya mwenyewe. Jumamosi hakuweza. Alirudi amekasirishwa na Trevor, mikono haishikiki, kibano kikaanguka mara tatu. Akaniambia, fanya wewe. Na mimi sikuwahi. Tulianza saa saba u robo."

"Na hivi tisa? Nani alivitenga?"

"Yeye, nani mwingine? Mimi niliona vyeusi, nikaona tumemaliza. Yeye anaangalia kimoja kimoja, 'hiki, na hiki, na hiki, Gwen, umeshika kwa mkono.' Nikavitia kwenye kisosi. Akacheka, nakuapia. Akasema tutavirudia Jumapili." Akazikunja glavu. "Nilidhani tutavirudia Jumapili kweli."

Noeline akaitazama saa ya ukutani. Mwanafunzi aliyefanya kazi peke yake hajui kwamba ameharibu. Vile vipande tisa vilikuwa na vidole vya mke na macho ya mume. Lakini hakimu angesema nini? Mke yupi asiyemtetea mumewe?

"Nikija kusema," Gwenda akanong'ona, "klabu nzima itajua. Ameniambia yuko radhi alale ndani kuliko Alwyn na wenzake wamwonee huruma. Mimi nifanyeje, Inspekta? Nimpoteze hivi au hivi?"

"Nipe hiyo karatasi ya kwenye boksi la misumari," Noeline akasema. "Halafu vaa koti."

Saa saba kasoro, Wes Domeney alikuwa ameketi chumba cha mahojiano, amekalia mikono yake. Kikombe cha chai kilikuwa kimepoa mbele yake, hakijapungua hata tone. Greg alisimama mlangoni na faili lake kwapani. Gwenda aliachwa kwenye benchi la nje.

Noeline aliweka kipande cha mbao mezani, skrubu imezama katikati, na bisibisi kando yake.

"Mzee Wes. Fungua hiyo."

"Ya nini?"

"Sajini hapa anasema Hobart nzima wewe ndiye unayeweza. Wewe na Trevor."

"Amesema kweli."

"Basi fungua."

Wes akamtazama Greg, akamtazama yeye. Alikuwa mtu mwenye akili, na kila mmoja mle ndani aliona ameelewa. Skrubu ikitoka, amejifunga. Skrubu ikigoma, yuko huru.

Alitoa mikono chini ya mapaja. Ilitetemeka yote miwili, wa kulia zaidi. Greg akashusha faili. "Hata siku ya alama za vidole alitetemeka," akasema kwa sauti ndogo. "Mimi nilidhani ni woga."

Bisibisi ilianguka mezani. Wes akaiokota. Akaegemeza viwiko, akabana pumzi, akaishusha ncha. Ikapita pembeni. Akaishusha tena, ikagusa kichwa cha skrubu, ikaruka, ikaacha mkwaruzo mweupe kwenye mbao.

"Mtu yeyote anaweza kujifanya anatetemeka," Greg akasema, lakini hakuwa na hakika tena.

"Mtazame," Noeline akamjibu. "Mtazame vizuri, halafu uniambie anajaribu kushinda au kushindwa."

Mzee alikuwa ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, kifua amekilaza juu ya meza, shavu karibu liguse mbao. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso katika chumba ambacho wao wawili walikuwa wamevaa makoti. Ncha ikaingia kwenye mfuo wa skrubu, ikatulia kwa muda wa kuhesabu moja, mbili. Macho yake yakang'aa. Ikaruka. Akarudia, na akarudia tena, na kila mara alitaka iingie, alitaka kwa roho yake yote ile skrubu iliyokuwa inampeleka jela itoke. Mara ya tisa Noeline akashindwa kuvumilia, akafunika mbao kwa kiganja chake.

"Basi, mzee wangu. Inatosha."

"Niongeze moja."

"Inatosha."

Noeline akampa Greg ile karatasi ya daktari bila kumgeukia.

"Ulisema watu wawili," akamwambia. "Huyu hawezi. Ametubakia mmoja, na ndiye huyo aliyelala hospitali. Trevor alizifungua zile skrubu mwenyewe, akazipanga mstari kama fundi anavyozipanga, kwa sababu alikuwa anamwonyesha mnunuzi. Tafuta simu yake ya Jumamosi. Alimpigia nani baada ya saa sita, nani alikuja saa nane au saa tisa. Aliyeondoka na meli ndiye aliyempiga. Tunaanza upya, na mimi nilikuwa nimeomba likizo ya wiki hii."

Greg alisoma karatasi mara mbili. Akaikunja vizuri kuliko alivyoipokea. "Nampigia mwendesha mashtaka," akasema, na kutoka.

Wes hakuinua uso. "Gwen amesema."

"Mikono yake imesema. Ile rangi haioshwi ikatoka."

"Nilimwambia avae glavu, hanisikii huyo mwanamke." Akaisukuma bisibisi kando. "Sasa Alwyn atajua."

"Atajua. Naye alidhani una maringo, mzee. Kwamba umewadharau."

"Mimi?" Wes akashtuka kwelikweli. Kisha akakishika kikombe cha chai kwa mikono miwili, mbele ya mtu, akakinyanyua. Nusu ilimwagika mezani na kwenye shati. Nusu aliinywa, ingawa ilikuwa baridi.

"Vile vipande tisa mtavirudisha?"

"Kesi ikiisha."

"Kimoja kina kidole gumba kizima, cha mkono wa kulia. Kikirudi mpe Alwyn akipigilie ubaoni, pale penye nafasi chini ya changu. Aandike na mwaka."

Noeline akatoa kalamu. "Aandike jina gani?"

"La mwenye kidole," akasema Wes. "Gwenda Domeney. Na hiyo bia nitanunua mimi."